Gari Lisilo na Paa Katika Nchi ya Mvua

Barua ya baba ilichukua siku 19 kutoka Tanga hadi Abingdon. Nilikuwa nimempelekea picha: mimi nimesimama kando ya gari dogo la manjano, mkono juu ya mlango, mtandio umechukuliwa na upepo nusu unitoke. Jibu lake lilikuwa na mistari minne. Wa kwanza salamu. Wa pili, mama yako anasema umekonda. Wa tatu: "Magari yote ya Uingereza umeyaacha, umepanda lisilo na paa, na nchi yenyewe ya mvua. Nani kakuroga?" Na wa nne, ambao nikiukumbuka mpaka leo nacheka peke yangu: "Hilo linatumia spana za inchi au za milimita?"

Za inchi, baba. Na ni spana hizo zilizonitia ndani ya gari lile.

Nilifika Uingereza mwaka 1988 kwa kazi ya uuguzi. Hospitali ilikuwa Oxford, chumba nikakipata Abingdon, mji mdogo kando ya Mto Thames, kusini kidogo ya Oxford, basi linapita karibu na mlango. Nilichokuwa nakijua kuhusu mji ule ni daraja lake, na ule mtindo wao kwamba kukiwa na sherehe kubwa ya kifalme, wakubwa wa mji hupanda juu ya jengo la kale pale sokoni wakawarushia watu mikate midogo ya zabibu. (Ni kweli. Nilipoambiwa nilidhani nafanywa mshamba.) Sikujua kwamba kuanzia 1929 hadi 1980 magari ya MG yalikuwa yakitoka pale, na kwamba wazee wengi niliopanga nao foleni dukani walikuwa wameyakaza nati kwa mikono yao.

Mmoja wao alikuwa jirani yangu. Mjane, mrefu, kofia ya sufu kichwani hata mwezi wa saba, wakati wa joto kule. Kila Jumapili asubuhi alifungua gereji yake, akavua shuka lililofunika gari, akaingia ndani akaketi. Hawashi. Anaketi tu, mikono juu ya usukani, kama nusu saa, halafu anatoka, anafunika, anafunga. Nilikuwa namwona kutoka dirishani nikijitengenezea chai baada ya zamu ya usiku, nikajiambia huyu anamlilia mkewe.

Siku moja mtu wa posta aliniachia barua yake kwa makosa. Nikampelekea. Nilimkuta amepiga magoti kando ya gari, anapapasa sinia la vyuma sakafuni. Alisikia hatua zangu, na bila kuinua kichwa akasema, "Nipatie nusu inchi hapo." Nikainama nikampa. Akaipeleka kwenye nati, ikakaa. Ndipo akageuka, na nadhani alitegemea kuona mtoto wa kiume wa nyumba ya tatu.

"Umeijuaje bila kuisoma?"

Nikamwambia baba yangu ni fundi. Kwetu Tanga miaka ile, magari ya mashamba ya mkonge yalikuwa Land Rover na malori ya Bedford, na hayo yote nati zake ni za inchi. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa kwenye kopo la rangi lililopinduliwa, nampa spana akiwa chini ya gari, mkono wake tu ndio unaonekana. Zilipokuja Peugeot na Toyota na spana zao za milimita, baba alizitenga katika debe lake peke yake, kama zina ugonjwa wa kuambukiza. Ana sababu. Ya 13 ukiiweka kwenye nati ya nusu inchi inaingia, inacheza kidogo, unadhani imekubali. Ukivuta inakula pembe zote, nati inabaki duara kama kete ya bao.

Yule mzee alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa hajasikia mtu akilalamikia jambo hilo tangu kiwanda kifungwe.

Sikutaja jina lake na sitalitaja. Mimi nilimwita Mzee, nikamweleza maana yake, akaipenda, akaanza kujitambulisha nayo kwenye simu. Yeye aliniita Sista. Kule sista ni cheo cha muuguzi mkubwa wa wodi, na mimi nilikuwa bado sijakifikia, lakini kila nikimsahihisha alijibu kwamba kinakuja. Nilipokipata baada ya miaka mitano, hakushangaa.

Macho yake ndiyo yaliyokuwa yamekwenda. Siyo yote. Kuna ugonjwa wa uzee unaokula katikati ya jicho na kuacha pembeni: mtu anaona kingo za mlango lakini haoni uso wa aliyesimama mlangoni. Mzee alikuwa anaona ua la miti upande wa kushoto wa barabara na ua upande wa kulia, na palipo barabara yenyewe pana ukungu. Leseni aliirudisha mwenyewe, hakungoja kuambiwa. Gari lilimshinda kuuza.

"Unajua kuendesha?" akaniuliza.

"Nimeendesha Land Rover ya baba."

"Basi unajua kuendesha trekta. Hili nitakufundisha."

Leseni ya Tanzania kule inakufaa miezi 12 tu, baada ya hapo unafanya mtihani kama mtoto wa shule. Mara ya kwanza nilianguka. Kosa langu: nilimkaribia mwendesha baiskeli, nikapiga honi kumjulisha kwamba nipo. Kwetu hiyo ni adabu. Kule ni matusi. Mara ya pili nilipita, honi sikuigusa hata kwa bahati mbaya, na mwezi wa tano mwaka 1990 Mzee akaniandikisha kwenye bima yake.

Gari lenyewe lilikuwa MGB ya mwaka 1968, ile ya wazi. MGB zilianza 1962 na zilipokoma 1980 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 500,000, nyingi zikavuka bahari kwenda Marekani. Hii ya kwake ilikuwa na bampa za kromu, siyo zile nyeusi zilizokuja mwishoni mwa 1974 kwa ajili ya sheria za Wamarekani, ambazo pamoja nazo gari liliinuliwa juu likapoteza mkao. Mzee alizifunga hizo nyeusi kwa miaka kadhaa, na kila akizitaja alivuta mdomo kama mtu aliyeuma ndimu. Rangi: manjano iliyopauka. Kwenye karatasi za kiwandani ina jina la ua fulani la majira ya kuchipua. Mimi naijua kama rangi ya siagi iliyoachwa mezani.

Wanaosema magari haya yalikuwa na kasi, wengi hawajayaendesha. Injini ya cc 1,798, kabureta mbili za kuchanganyia hewa na petroli, nguvu farasi 95 hivi zikiwa mpya, na mwendo wake wa mwisho unazidi kidogo maili 100 kwa saa. Gari la kawaida la leo la kupeleka watoto shule litaliacha kwenye taa. Lakini unakaa chini kiasi kwamba ukinyoosha mkono unakaribia kugusa lami. Miguu umeinyoosha mbele kama uko kwenye mkeka. Mbele yako boneti ndefu, usukani mwembamba mkubwa, na kioo kifupi ambacho upepo unakiruka ukakujia paji la uso. Maili 50 pale ni kama 90 mahali pengine. Kila mtu anakupita, na wewe ndiye unayeona unakimbia.

Na kuliwasha kulikuwa na taratibu zake. Kwanza unazungusha ufunguo nusu, unangoja. Nyuma, karibu na tairi la kulia, pampu ya petroli ya umeme inaanza: tik-tik-tik-tik, haraka, halafu polepole, halafu inanyamaza. Maana yake kabureta zimeshiba. Ndipo unavuta choki, unapiga stata, injini inakohoa mara moja, inakubali, na gereji nzima inanuka petroli mbichi, ngozi ya viti na zulia ambalo halijawahi kukauka sawasawa. Nimefanya kazi wodini miaka zaidi ya 30, pua yangu imezoea kila dawa ya kuua vijidudu, lakini harufu ile ikinipitia barabarani leo nasimama.

Jumapili ya kwanza Mzee hakuniruhusu nitoke gereji. Alinipa kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono, akaniambia nitie ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Nikasikia hewa inavutwa: ssss. Hamia ya nyuma. Ssss, lakini nzito zaidi. "Zinavuta sawa?" Hazivuti sawa. Nikageuza skrubu kidogo, nikasikiliza tena, huku na huku, mpaka sauti zikalingana. Nikamwambia kazi hii ninaifanya kila siku kwenye vifua vya watu. Akasema, "Ndiyo maana nimekuita wewe na siyo yule kijana wa nyumba ya tatu."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu. Nilikuwa mikono na macho. Masikio yalikuwa yake, na kwa miaka saba alikuwa akiyahamishia kwangu kidogo kidogo.

Tukitoka alikaa kushoto, kofia imeshushwa, uso ameugeuza upande kidogo ili aone kwa pembe. Hakusema "angalia kona". Alisema, "Sikiliza, inakuomba gia ya tatu." Au, "Umebadilisha mapema, imenung'unika." Nikitaka kurudisha gia kabla ya kona, nikanyage klachi, nitoe gia, nipige resi kidogo, nikanyage tena, ndipo niingize, ili injini na gia zikutane zikiwa na mwendo mmoja. Gia za MGB tangu mwishoni mwa 1967 hazikuhitaji tena hivyo, hata ya kwanza. Nikamwambia. Akajibu kwamba kusalimia nako hakuhitajiki. Nilipoipatia bila mkwaruzo alikuwa anapiga kidole kimoja kwenye mlango, mara moja. Nilipoikosea alinyamaza, na kimya kile kilikuwa kinaniuma kuliko maneno ya mkufunzi yeyote wa chuo cha uuguzi.

Njia yetu ilikuwa moja karibu kila wiki. Abingdon mpaka Wantage, halafu ile barabara ya B4507 inayokwenda magharibi mpaka kijiji cha Ashbury, chini ya vilima vya chokaa. Sijui nani aliichora, pengine hakuna aliyeichora, maana inafuata tu mguu wa kilima kama mto unavyofuata bonde: inapinda, inapanda, inaingia chini ya miti palipo giza na baridi kama pangoni, inatoka kwenye jua, na upande wa kulia bonde zima limefunguka mpaka macho yachoke. Nikiwa pale nilikuwa nafikiria Mombo kwenda Lushoto, zile kona za kupanda Usambara, baba anahesabu kwa sauti kona alizobakiza. Tofauti ni kwamba kule Usambara ukikosea unakwenda korongoni. Huku ukikosea unaingia kwenye kondoo.

Juu ya kilima kimoja njiani kuna Farasi Mweupe wa Uffington, mchoro wa farasi uliochimbwa kwenye majani na kujazwa chokaa, wenye urefu wa mita zaidi ya 100 na umri wa miaka kama 3,000. Ukiwa barabarani chini yake humwoni vizuri. Mzee hakuwa anamwona kabisa. Lakini alijua tulipofika, kwa jinsi mlio wa ekzosi ulivyobadilika ukirudi kutoka kwenye kingo za udongo, na kila mara alivua kofia. Nilimuuliza kama ni ibada. Akasema ni farasi wa kwanza kabla ya zile 95, lazima aheshimiwe.

Tukirudi jioni, minara sita ya kupozea mvuke ya kituo cha umeme cha Didcot ndiyo iliyotuelekeza. Watu waliichukia, mibaya kweli, lakini ukiwa popote katika bonde lile uliiona. Mitatu ilibomolewa 2014 na mitatu iliyobaki 2019. Nilitazama video ya kubomolewa kwake nikajikuta nasikitika, mimi ambaye nilikuwa nasema inafanana na vyungu vya wachawi.

Habari ya mvua. Baba alikuwa na haki ya kuuliza. Turubai la kukunja lilikuwepo, lakini kulifunga ni kazi ya watu wawili wenye subira, vibanio na vifungo kila pembe, na mmoja wetu hakuwa na macho. Kwa hiyo tulikuwa tunakimbia. Ukiwa kwenye maili 45 kwenda juu, upepo unaipandisha mvua juu ya kioo, inapita juu ya vichwa vyenu, ninyi mko wakavu mnaongea. Shida ni taa nyekundu. Taa za Wantage, siku moja ya Septemba, tulisimama dakika nzima mvua inamwagika ndani kama kwenye beseni, na kando yetu basi limejaa watu wanatutazama wakiwa wamekauka. Mzee akainua kofia akawasalimia. Mimi nilijifanya naangalia geji ya mafuta.

Yale aliyoyafanya kiwandani alinisimulia hivyo hivyo, kwa vipande, kati ya kona na kona. Kwamba jina MG ni herufi za Morris Garages, gereji ya Oxford ambako Cecil Kimber, miaka ya 1920, alianza kuyavika magari ya kawaida ya Morris mabodi mepesi. Kimber aliondolewa kwenye kampuni 1941, akafa Februari 1945 katika ajali ya treni pale kituo cha King's Cross, London. Mtu aliyeishi na magari ya mbio akauawa na treni iliyokuwa inatambaa kurudi nyuma. Kwamba mabodi ya MGB yalitengenezwa Swindon, yakaletwa kwa malori, na pale Abingdon hapakuwa na mkanda wa kuyasogeza kama viwanda vikubwa: gari likimalizwa hatua moja, watu walilisukuma kwa mkono mpaka hatua inayofuata. Nusu milioni ya magari, yamesukumwa. "Ndiyo maana hatukuwa na vitambi," alisema.

Na Septemba 1979. Mji ulikuwa umesherehekea miaka 50 ya kiwanda wiki nzima, magwaride, bendi, magari ya zamani barabarani. Kiwanda cha bia cha mji kilipika hata bia ya kumbukumbu na kuipa jina la gari bovu la kazi la pale kiwandani, lililokuwa limerukiwa na rangi mpaka likawa na madoa kama kuku. Mimi situmii, lakini Mzee alikuwa na chupa moja hakuifungua hadi mwisho. Sherehe zikaisha. Jumatatu tarehe 10 wakatangaziwa kwamba kiwanda kinafungwa. Gari la mwisho lilitoka Oktoba 1980. Hadithi hii alinisimulia mara moja tu, tumesimama Ashbury injini ikipoa, na alipomaliza aliniuliza kama nimebeba chapati. Nilikuwa nimebeba.

Niseme haki, nimeendesha na mengine. Mwenzangu wa wodi alikuwa na Triumph Spitfire, yale yaliyotoka Canley, Coventry, miaka ile ile, 1962 hadi 1980. Boneti lake lote na mabawa yake linainuka kwa pamoja kwenda mbele, unaweza kukaa juu ya tairi ukatengeneza injini kama uko kwenye kibaraza. Kwa fundi hilo ndilo gari lililobuniwa kwa upendo. Kwa dereva ni jepesi mno kwangu, kama kumpanda mbuzi. Jaguar E-Type niliketi ndani yake mara moja, maonyeshoni. Zuri kupita kiasi, linataka kutazamwa. Mzee alikuwa na hukumu moja kwa yote: anauliza ekzosi yake inasemaje.

Siku tuliyokwama ilikuwa mwezi wa nane mwaka 1993. Tumeshapita farasi, tunashuka, gari likaanza kumisi, likavuta, likakata. Nikalipeleka kando kwa mwendo uliobaki. Mimi nikafungua boneti upesi, nishike plagi, nishike waya, nimwonyeshe Mzee kwamba mtoto wa fundi sikuja bure. Yeye hakushuka. "Funga hiyo. Washa ufunguo nusu." Nikawasha. "Unasikia nini?"

Sikusikia kitu.

"Ndiyo hiyo. Pampu haiongei. Vua kiatu."

Vidole vya umeme ndani ya pampu za namna ile huungua kwa umri, vikakwama vikiwa wazi. Ukiitikisa kwa nguvu vinashtuka vinashikana. Nikavua kiatu cha kazi, cheusi, soli ngumu, nikalala kwenye majani kando ya tairi la nyuma la kulia, nikaingiza mkono chini nikaipiga. Hakuna. Nikapiga tena. Tik. Tik-tik-tik-tik. Wapanda baiskeli wawili walikuwa wamesimama, wanamwangalia mwanamke mwenye mtandio, mguu mmoja peku, anayelichapa gari kwa kiatu, na mzee aliyekaa ndani anapiga mlango kwa kidole mara moja.

Nilimwandikia baba. Safari hii alijibu kurasa mbili, na michoro. Vidole vile, alisema, visuguliwe kwa msasa laini sana, tena taratibu. Nilimsomea Mzee barua nikitafsiri mstari kwa mstari, akanirudisha kwenye mchoro mara tatu nimweleze ulivyo. Tukavisugua. Pampu ikakaa kimya kwa maana nzuri ya neno hilo karibu mwaka mzima, halafu ikarudia tabia yake. Kiatu kilihamia kwenye buti la gari rasmi, nikanunua vingine vya kazini.

Wazee hawa wawili hawakuonana. Baba alifariki 1995. Niliporudi kutoka Tanga, Mzee hakusema mengi. Jumapili alikuwa ameketi upande wa kushoto tayari, mlango wa dereva ameuacha wazi. Tulikwenda mpaka Ashbury na kurudi na hakunisahihisha gia hata moja, ingawa nilikosea nyingi.

Yeye alifuata majira ya baridi ya mwanzo wa 1997, kifua. Nilimsikiliza kifua kile mwenyewe kabla ya kuita gari la wagonjwa, na nilijua.

Mwanawe alikuja kutoka Canada, mtu mwema, mwenye haraka. Aliniuliza kama ninalitaka gari. Nilikuwa na chumba kimoja, sina gereji, mtoto wa kwanza tumboni, na kutu ilishaanza kula kingo za chini za mabodi, ile kutu ambayo ukiiona juu ujue ndani imekwisha maliza kazi. Nikasema hapana. Nilisema haraka kuliko nilivyotaka.

Mnunuzi alikuja Jumamosi na trela. Nilikuwa nimeliosha, nimetia mafuta kidogo juu ya kabureta, nimelipigia stata asubuhi ili liwe na joto, nimesikiliza kwa mpira kabureta zote mbili. Zilikuwa zinavuta sawa. Yule bwana alilizunguka, akaligonga kwa kifundo cha kidole hapa na pale, akapiga picha, akalipa. Nikamuuliza kama angependa kulisikia. Akasema hakuna haja, analichukua kulivunja na kulijenga upya. Alifunga waya mbele, akawasha winchi, na gari likapanda trela likiwa limezimwa, linavutwa na waya kama mgonjwa anavyopandishwa machela. Winchi tu ndiyo iliyolia.

Namba yake ninaijua kwa moyo. Serikali ya Uingereza ina ukurasa ambapo ukiandika namba ya gari lolote unaambiwa aina yake, mwaka wake, rangi yake, na kama limelipiwa kodi. Mwingine unaonyesha historia ya ukaguzi na maili lililokwenda. Tangu zilipowekwa mtandaoni nimekuwa naangalia, mara moja au mbili kwa mwaka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyopanga zamani. Kwa miaka mingi halikuwa barabarani. Halafu likarudi. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine lilikuwa linakwenda maili 60, mwaka mwingine 40. Sisi tulikuwa tunazimaliza hizo Jumapili mbili. Tangu 2018 magari yenye zaidi ya miaka 40 hayalazimiki tena kukaguliwa, kwa hiyo maili siyaoni tena; naona tu kwamba lipo.

Mpwa wangu wa London ana MG. Jina sasa ni la kampuni ya SAIC ya China, na la kwake ni la umeme. Alinipakia mwezi wa nne, tukatoka bila sauti yoyote, nikajikuta nimeshika mlango nangoja kitu. Ni gari zuri, halina kosa, viti vinapasha joto. Nikamuuliza likitaka gia ya tatu linakwambiaje. Alinitazama kwa huruma, kama ninavyowatazama wagonjwa wangu wanaoniuliza mwaka.

Usiku ule nikafungua ukurasa wa serikali nikaandika namba. MG. 1968. Kodi imelipwa. Rangi: nyekundu.

Nyekundu. Basi wamelibadilisha rangi, wamelipaka wanavyopenda, ni haki yao. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya kule imechanganywa na ethanoli zaidi kuliko zamani, na ethanoli inakula mipira ya magari ya umri ule, pampu na mabomba. Natumaini wanatia ile ya bei kubwa. Na natumaini kuna mtu amewaambia habari ya kiatu.